Mayai Manane ya Bibi wa Mlimani

Mimi ni mshenga. Hiyo siyo kazi, hailipi, na ukijumlisha nauli inakula hela. Kazi yangu ya mshahara ni jikoni hospitalini, kupanga trei za wagonjwa, na Jumamosi nina meza yangu ya vitenge Fittja, hatua chache kutoka kituo cha treni. Lakini Mswahili yeyote wa Stockholm, awe Mtanzania, Mkenya, Mkongo au Mrundi, kijana wake akitaka kuoa ataambiwa: "Mtafute yule mama wa vitenge. Yule hata kaburini ataomba apunguziwe." Nimepeleka posa tisa kabla ya hii ninayotaka kuieleza. Nimezihesabu mara mbili. Saba zilikubaliwa, moja wahusika walikataana wenyewe kabla sijafika mlangoni, na moja tuiache.

Iliyonipa jina ni ile ya Märsta, kwa familia ya Kikongo. Kwetu mjumbe wa posa hatii kitu mdomoni mpaka ajibiwe. Haielezwi, inaeleweka. Ukila, umeshakuwa mgeni, na mgeni ataaga aondoke. Usipokula, wewe ni shida iliyokaa sebuleni kwa watu, na shida lazima itatuliwe. Basi mama wa binti akaleta sombe ya majani ya muhogo, samaki na fufu.

"Kula, maman, kula tu."

"Asante sana," nikasema, mikono nimeiweka mapajani.

Samaki akapoa. Akapashwa moto. Akapoa tena. Wajomba walikuwa wanazungumza Kifaransa kwa ukali, wakihesabu makosa ya kijana wangu. Samaki aliporudi kupashwa mara ya pili, yule mama akamgeukia mumewe: "Papa, mpe huyu mwanamke binti yetu. Samaki wangu anaharibika."

Tangu siku hiyo nikajiona bingwa. Ndiyo maana mtoto wa kaka yangu alipokuja kwangu Farsta, akasimama jikoni akifungua friji na kuifunga bila kutoa kitu, nilijua ana shida na nilijua nitaitatua. Huyu kazaliwa hapa hapa. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiswidi, na neno pekee la Kiswahili linalomtoka bila kusukumwa ni "shangazi".

"Shangazi, nimepata mtu."

"Mtu wa wapi?"

"Wa hapa Farsta. Wazazi wake wana mgahawa."

"Mgahawa wa nini?"

"Wa Kichina."

Nikavuta kiti nikakaa. "Haya. Tatizo liko wapi? Maana ungekuwa huna tatizo ungeshakula kitu kwenye hilo friji."

Tatizo lilikuwa bibi. Yule binti, wazazi wake walipokuja Sweden kuosha vyombo vya watu, walimwacha kwa bibi yake, kijijini kwao China, juu ya mlima, mpaka alipofika miaka saba. Bibi ndiye aliyemfundisha kutembea. Sasa binti kamwambia kijana wetu wazi: bibi asipokubali, siolewi na wewe, wala na mwingine yeyote. Na bibi naye kasema hatoi jibu kwa simu. Anayemtaka mjukuu wake apande ngazi.

"Ngazi gani?"

Akanionyesha picha. Mlima, ukungu, na pembeni kidogo mapaa meusi. "Hapo," akasema, "nyuma ya ukungu."

Hakuwa anatania. Macho yalikuwa mekundu. Nikamfungulia friji mwenyewe, nikampa wali wa jana, nikamwambia: "Kula, mwanangu. Hii ni posa ya kumi."

Kwa desturi yetu wazazi wa mume hawaendi kuomba, na bwana harusi ndiyo kabisa. Kaka yangu akalipa nauli, mimi nikalipa kwa miguu, kama mtakavyosikia. Nilisafiri na baba wa yule binti, ambaye kila miaka miwili, vuli ikifika, hufunga mgahawa wiki mbili na kwenda kumwona mama yake. Ni mtu mfupi, mkimya, mikono ina makovu ya mafuta ya moto. Lugha yetu ilikuwa Kiswidi. Chake ni cha jikoni, changu ni cha jikoni pia, ila majiko tofauti. Sikumwita mkwe. Jibu lilikuwa bado. Yeye aliniita "dada", neno alilofundishwa na kijana wetu, na alilitamka kwa uangalifu kama mtu anayebeba bakuli lililojaa.

Ndani ya ndege aliniambia jambo moja tu la maana. "Mbele ya mama yangu mimi sina neno. Nitatafsiri, basi."

"Inatosha," nikamwambia. Laiti ningejua.

Basi la mwisho lilitushusha chini ya mlima karibu na duka lililofungwa. Hapo ndipo ngazi zilipoanzia, za mawe, zimelika katikati kwa nyayo za watu wa miaka ambayo hakuna aliyejisumbua kuihesabu.

"Ziko ngapi?" nikauliza.

"Mia sita."

Nikazihesabu moja moja, nikipumzika kila ya hamsini. Juu kabisa nikamwambia, pumzi zikinikatika: "Mia sita kumi na nne. Umenidanganya kumi na nne."

"Nilizihesabu nikiwa mtoto," akasema.

"Basi zimezaa."

Hakucheka. Nikaona safari itakuwa ndefu.

Lakini kijiji chenyewe, jamani. Nimeishi Stockholm miaka mingi kuliko nilivyoishi kwetu, nikadhani kimya nakijua. Sikukijua. Kimya cha Stockholm ni cha watu wasiotaka kusumbuliwa. Cha pale kilikuwa cha watu walioshaambiana yote, wakabaki kukaa pamoja. Nyumba zilikuwa arobaini na moja, nimezihesabu mara mbili, kuta za udongo zenye rangi ya andazi lililoiva vizuri, vigae vyeusi juu. Moshi ulitoka kwenye nyumba kumi na mbili tu. Zilizobaki milango yake ilikuwa imefungwa kwa kamba, siyo kwa kufuli, kana kwamba wenyewe wamekwenda dukani. Juu ya mapaa na kwenye kuta walianika nyungo kubwa za mianzi, nyingine zimejaa pilipili, nyingine zimejaa tunda moja la rangi ya chungwa, laini kama nyanya iliyoiva mno, ambalo likikauka linakuwa tamu kama tende. Mimi ni mtu wa kupanga trei. Nilisimama nikazitazama zile nyungo nikasema moyoni, huyu aliyepanga hapa ningemwajiri.

Halafu maji. Kando ya kila njia kuna mfereji mwembamba wa mawe, maji yanatoka mlimani yanapita mlango kwa mlango. Asubuhi kabla jua halijavuka paa la nyumba ya juu, ni ya kunywa. Jua likishavuka, wanaosha mboga. Baada ya chakula cha mchana, nguo. Hakuna kibao wala mlinzi. Kule kwetu Farsta chumba cha kufulia cha jengo letu kina ratiba, kina kufuli, kina barua nne za hasira zilizobandikwa ukutani kuhusu nywele kwenye chujio, na bado mtu atakuibia saa yako ya kufua. Pale watu wanalindwa na jua tu.

Bibi tulimkuta mlangoni akimenya maharage. Mdogo wa umbo, aproni ya buluu, bangili ya fedha iliyolegea mkononi. Mtu wa miaka themanini na kitu. Kiswidi hakina salamu ya mtu wa umri ule, na Kichina mimi sina. Mdomo wangu ukaamua wenyewe.

"Shikamoo, Bibi."

Akamtazama mwanawe. Mwanawe akanitazama mimi. "Umesema nini?"

"Nimemheshimu. Akikubali anasema marahaba."

Akamtafsiria. Bibi akatikisa kichwa taratibu, kama anayeonja chumvi, kisha akauliza kitu. "Anauliza," akasema baba wa binti, "kama hicho tunachozungumza mimi na wewe ndicho Kiafrika."

"Mwambie ni Kiswidi."

"Nimemwambia. Anasema basi na wewe umekisoma vibaya, maana hata yeye anasikia unatafuta maneno."

Nikajua nimepata mpinzani.

Nikafanya kazi yangu sawasawa. Nikasimama, nikarekebisha kanga, nikasema tumetoka mbali, tumeona ua katika bustani ya nyumba hii, na tunaomba ruhusa ya kulichuma. Baba wa binti akatafsiri. Bibi akatazama nyuma ya nyumba, akajibu maneno machache.

"Anasema bustani yake ina vitunguu."

"Mwambie ua ni mjukuu wake."

Akamwambia. Bibi akanitazama, mara hii kwa muda mrefu. Nilitazamwa viatu, nikatazamwa mikono. Kisha akaingia jikoni bila kusema lolote. Nikasikia kuni zikivunjwa. Akarudi ameshika bakuli kwa mikono miwili, akaliweka mbele yangu, akakaa upande wa pili wa meza. Ndani yake mayai manne, yamepikwa bila maganda kwenye maji ya moto ya sukari na tangawizi. Mvuke ulinipanda puani. Sikuwa nimekula tangu kwenye basi.

Nikaweka mkono kifuani kushukuru. Kisha nikalisukuma bakuli, kiasi cha kidole kimoja.

Nje maji yalikuwa yanapita mferejini. Mayai yakapoa, sukari ikatengeneza utando juu. Bibi alisubiri, mimi nikasubiri. Mwishowe akanyanyuka, akalichukua bakuli, akaingia nalo ndani. Nikajisemea, huyu siyo mama wa Märsta. Huyu hapashi.

Usiku ule nikalala. Tulikuwa na siku tatu tu pale, asubuhi ya nne lazima tushuke kuwahi basi.

Siku ya pili bibi hakunigusia habari ya posa, nami sikuigusa, nikatoka kutembea. Kwenye kona ya njia kulikuwa na mzee mwenye kofia ya majani, amekaa karibu na kikapu cha yale matunda ya rangi ya chungwa. Sasa mnanijua. Nikamwonyesha kidole kwenye kikapu, nikafanya ishara ya ngapi. Akainua vidole viwili. Mimi, kwa mazoea tu, nikainua kimoja. Akafikiri. Akainamisha kichwa, akakubali, akajaza mfuko. Nikatoa noti. Akaitazama, akanirudishia, akaongeza matunda mawili.

"Hapana, hapana," nikasema kwa Kiswahili, "ngoja kwanza," nikainua vidole viwili.

Akatikisa kichwa akaongeza mengine mawili.

Nikainua vitatu. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka, akanisukumia kikapu kizima. Miaka yote ya sokoni sijawahi kupigwa kiasi kile. Nilirudi nimebeba kikapu kichwani, nimepata kila kitu bure, na nimeshindwa.

Mezani bakuli lilikuwa linanisubiri. Mayai sita.

Bibi alikuwa amekaa palepale. Mwanawe alikuwa amesimama nyuma yake. Nilihesabu: sita. Nikahesabu tena. Nikaweka mkono kifuani, nikasukuma bakuli kidole kimoja.

Hapo nikaona kitu usoni kwa bibi. Haikuwa hasira. Ni ule uso wa mtu aliyeanua nguo nzuri kabisa kwenye kamba akakuta imechanika. Akaitazama meza. Mwanawe akatoka nje, akaanza kupasua kuni ambazo zilishapasuliwa.

Simu ilikuwa inashika mtandao sehemu moja tu, kwenye daraja la mbao lenye paa lililo juu ya mto, pale kijiji kinapoanza. Jioni nilisimama pale nikampigia kijana.

"Shangazi! Vipi?"

"Bado. Bibi ni mgumu."

"Kasema nini?"

"Hasemi kitu. Ananiletea mayai tu."

"Si uyale?"

"Nyamaza wewe. Hujui posa."

Halafu akasema kwa sauti ndogo, na mara hii hakukuwa na utani ndani yake: "Shangazi, akikataa nitamwambiaje? Kila siku ananiuliza kama umeshapanda ngazi."

Nilimwambia avae koti, huko Stockholm baridi imeanza, nikakata.

Siku ya tatu niliamka mapema, jua likiwa bado upande wa pili wa mlima. Sikuweza kukaa ndani na yule bibi tukitazamana kama wachezaji wa bao. Nikaenda darajani kuhesabu nyumba tena, maana nikiwa na wasiwasi nahesabu. Nilikuwa nimefika ya kumi na saba mlango mmoja ulipofunguka, akatoka mama mzee mwenye kilemba cha buluu. Mkono wake wa kulia aliuweka mbele kidogo, umefumba nusu, kama mtu aliyeshika ndege. Akashuka taratibu kando ya mfereji, akaingia kwa bibi. Akatoka. Mkono sasa ulikuwa unaning'inia tu.

Mlango mwingine. Mwanamke mwingine, mkono uleule. Kisha wa tatu, huyu na fimbo. Wa nne alisimama njiani akafungua kiganja kutazama kama bado lipo zima, nami nikaona. Ni yai. Wa tano alikuwa yule mzee wa matunda. Yeye alilibeba kwenye kofia.

Watano. Nikahesabu tena kichwani, watano. Hawakusalimiana kwa sauti, hawakusimama kuongea. Kila mmoja alikwenda, akaacha yai, akarudi kwenye moshi wake. Maji ya asubuhi, yale ya kunywa, yalikuwa yanapita miguuni mwao.

Sasa, kuku wa bibi nilishawahesabu siku ya kwanza. Watatu. Kuku watatu, wakijitahidi sana, mayai matatu. Matatu na matano ni manane.

Nikashika ukingo wa daraja. Siku ya kwanza manne. Jana sita. Leo manane. Mimi, mwanamke wa sokoni, ninayejisifu Fittja nzima kwamba hakuna bei inayonipita pembeni, nilikuwa nimekaa siku tatu mbele ya mtu anayepandisha dau, na sikuona. Katika maisha yangu yote sijakutana na mtu anayekataa biashara huku akipandisha dau lake mwenyewe. Anayepandisha anataka. Bibi hakuwa ananinyima jibu. Bibi alikuwa analisubiri langu.

Sikushuka, niliporomoka. Baba wa binti alikuwa kwenye rundo lake la kuni.

"Yale mayai ni nini?"

Akaendelea kupasua. "Unajua."

"Sijui! Ningejua ningekuuliza?"

Akaweka shoka chini. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu jana. "Siku ile ya kwanza mama alikubali. Wewe ukakataa."

"Mimi?"

"Mjumbe akiletewa mayai, ndilo jibu. Akila, pande zote zimekubaliana. Asipokula, amekataa yeye. Nilidhani umekiona kijiji, nyumba tupu, wazee watupu, ukabadili mawazo. Mama akasema labda manne ni machache kwa mtu aliyetoka mbali vile. Jana akaweka sita, yale yote aliyokuwa nayo. Leo hakuwa na mengine ila matatu ya kuku wake."

"Na hawa majirani nani aliwaambia?"

"Hapa hakuna anayeambiwa."

"Na wewe," nikasema, na sauti ilipanda, "siku tatu umenyamaza! Kwa nini hukunieleza?"

"Nikueleze nini, dada? Nikubembeleze umchukue binti yangu?"

Lilikuwa kweli kabisa, ningekuwa yeye nisingefungua mdomo. Nikakaa juu ya gogo. Nikamweleza polepole, kwa Kiswidi changu cha trei, kwamba kwetu mjumbe hali mpaka ajibiwe. Kwamba njaa yenyewe ndiyo heshima. Nikamsimulia mpaka samaki wa Märsta.

"Lakini alikujibu," akasema.

"Hakusema kitu."

"Mama hasemi. Anapika."

Tukatazamana. Kisha kitu kikamtoka kifuani, nikadhani amepaliwa. Alikuwa anacheka. Akaegemea ukuta wa udongo akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa shati, huku akirudia kwa Kiswidi, "Samaki! Samaki!" Nami nikacheka, kwa aibu na kwa njaa.

"Sasa nikiingia nile yote?" nikauliza, maana nilishajifunza kuuliza.

Akaacha kucheka mara moja. "Usithubutu! Unakula sita, unaacha mawili. Ukimaliza yote umesema nyumba hii isibaki na kitu."

"Sita? Daktari wangu wa Farsta amenipa ruhusa ya mawili kwa wiki."

"Huyo daktari hayupo kwenye ukoo."

Tukaingia. Bakuli lilikuwa kubwa zaidi ya lile la juzi. Bibi alikuwa amevaa shati safi, na alikaa wima, mtu aliyejiandaa kukataliwa kwa mara ya tatu bila kuinamisha kichwa. Mlangoni, kwa bahati tu kama mnavyojua bahati, walisimama watu watano. Mmoja na jembe, mmoja na ufagio, yule mzee na kofia yake. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kuwa pale.

Nikakaa. Nikachukua kijiko. La kwanza lilikwenda kwa njaa, la pili kwa furaha, la tatu kwa desturi. La nne nikaanza kutoa jasho la tangawizi. Midomo ya bibi ilikuwa inacheza. Alikuwa anahesabu. La tano nikalitafuna nikimfikiria kijana wetu na macho yake mekundu mbele ya friji. La sita sitalieleza. Nikaweka kijiko chini.

Bibi akalivuta bakuli kwake, akainama, akatazama ndani. Kidole chake kikaelekeza moja, mbili. Kisha kikarudi mwanzo, moja, mbili.

Nikasema moyoni, huyu ni wa damu yangu.

Mlangoni wakaanza wote kuongea kwa mpigo, kijiji kizima kile kimya, kumbe sauti wanazo. Mama wa fimbo akanipiga mgongoni. Mtu akaleta chai. Mimi nikainua mkono, kwa sababu mshenga haondoki bila kuuliza masharti. "Mwambie, nyumba hii inataka nini kwetu?"

Bibi alikuwa na jibu tayari, nadhani alilikalia siku zote tatu. Alilisema akiitazama milango ya njiani, ile iliyofungwa kwa kamba. Mwanawe akatafsiri taratibu: "Kila mwaka, machipukizi ya mianzi yakitoka, wapande ngazi. Wote wawili. Waje wale hapa. Hataki kingine."

Ningenyamaza pale ningekuwa mtu mwingine.

"Kila miaka miwili," nikasema.

Baba wa binti akanikodolea macho. "Unapunguza?"

"Tafsiri tu."

Akatafsiri. Bibi hakushtuka hata kidogo. Akainua vidole viwili, akasema neno.

"Anasema sawa. Mara mbili kwa mwaka."

"Hapana! Mara moja!" Nilisimama. "Mara moja kila mwaka, ile ile ya kwanza, tumekubaliana, biashara imefungwa!"

Bibi akacheka, meno matatu, akapiga meza kwa kiganja. Yule mzee wa matunda akacheka kwa kwikwi akimwonyesha kila mtu vidole vyake vitatu. Kwa mara ya kwanza maishani nililipa bei ya kwanza kabisa iliyotajwa, na nikashukuru.

Asubuhi ya nne, begi mgongoni na matunda makavu kila mfukoni, nilimwinamia pale mlangoni. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," akasema. Alikuwa amejifundisha. Mwanawe aliniambia baadaye kwamba alimsikia akilijaribu jikoni, peke yake, akichochea moto.

Tulishuka. Nilihesabu, mara hii bila kupumzika.

"Mia sita kumi na nne, mkwe," nikamwambia chini.

"Mia sita," akasema, "mkwe." Tukaachia hapo, kila mtu na yake.

Simu ilishika mtandao kwenye lile duka lililofungwa. Kule Farsta ilikuwa bado kiza cha alfajiri, lakini kijana alipokea kabla haijaita mara ya pili. Alikuwa mgahawani, amekesha akimsaidia mama wa binti kufanya usafi wakati umefungwa, kujipendekeza kama inavyotakiwa. Nyuma yake nilisikia masufuria.

"Mmekubaliwa," nikasema. "Kila mwaka ngazi mia sita kumi na nne. Pumzi utajitafutia mwenyewe."

Nikasikia kitu kama kiti kinaanguka, kisha sauti ya binti, kisha kelele za watu watatu wanaolia na kucheka katika lugha mbili. Nilisogeza simu mbali na sikio ili na mkwe asikie. Akageuka akatazama mlima, kwa muda mrefu kuliko mlima ulivyohitaji.

Kijana akarudi kwenye simu, pumzi juu. "Shangazi, mama mkwe anauliza mayai yalikuwa mangapi."

"Manane."

Nikasikia akimwambia. Halafu yule mama akasema kitu kwa ukali kidogo.

"Anasema siku yake yeye ya kuposwa yalikuwa manne tu. Anauliza umefanyaje."

Nikamtazama mkwe. Mkwe akatazama viatu vyake.

"Mwambie," nikasema, "mshenga wake alikula siku ya kwanza."